Vipindi vinane na farasi wa kijivu: uzoefu wangu wa tiba ya farasi na sanaa

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu ananiuliza kanisani. Kipindi kimoja cha dakika 90 ni dola 120. Mimi nililipa 35, kwa sababu kituo kinapanga malipo kufuatana na kipato, na bima yangu ilibeba sehemu ya mshauri. Ya farasi haikubeba hata senti. Nimemaliza vipindi vinane.

Wanaoijua Lexington wanajua kwamba huku Kentucky, Marekani, kuna farasi wanaolala pazuri kuliko wengi wetu. Basi langu la kwenda kazini hupita kando ya mashamba yao, na kwa miaka saba sikuwahi kumgusa hata mmoja. Wakongomani tumejaa mji huu, wengi tumepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na niliposema nakwenda kutibiwa na farasi watu walicheka. Mama mmoja aliniuliza kama farasi ndiye anayechoma sindano.

Kilichonipeleka ni usingizi. Ninafanya kazi ya usiku ghalani, na mtu akiangusha boksi nzito nyuma yangu, najikuta nimeshachuchumaa kabla sijajua ni nini. Daktari alisema ni kiwewe. Kwanza nilijaribu ushauri wa kawaida, ule wa kukaa kwenye kiti na kusimulia. Nilisimulia mara tatu, na mara zote tatu nilitoka hali yangu mbaya kuliko nilivyoingia. Ndipo nikaelekezwa huku.

Hupandi farasi, hilo lieleweke. Kuna tiba ya kumpanda, ambayo zaidi ni ya viungo vya mwili. Wengi huitaja pamoja na Lis Hartel, mpanda farasi wa Denmark, aliyepooza miguu chini ya magoti kwa polio na bado akachukua medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Yetu ni nyingine. Unabaki chini kwa miguu yako, pamoja na mshauri mwenye leseni, na mtaalamu wa farasi ambaye kazi yake ni kumwangalia mnyama. Shirika la Eagala, lililoanzishwa 1999, limeueneza sana mtindo huu.

Siku ya kwanza nilipewa kamba yenye farasi jike wa kijivu mwishoni, kama kilo 500 hivi, nikaambiwa nimpeleke upande wa pili wa uwanja. Nikavuta. Akaniangalia. Nikavuta kwa nguvu zote, naye akainua kichwa, masikio yote mawili yakanielekea, akasimama kama nguzo. Mtaalamu akaniuliza taratibu: "Mama, unapumua?" Kumbe nilikuwa nimebana pumzi, tena sijui tangu saa ngapi. Nikaiachia, mabega yakashuka. Nikamgeuzia mgongo nikaanza kutembea zangu tu, kamba imelegea, nikasikia kwato zinanifuata.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa, hivyo anaishi kwa kusikiliza. Kila sikio linageuka kivyake. Baada ya wiki mbili nilikuwa nayasoma: yakilala nyuma kabisa, jiondokee, akilegeza mdomo na kulambalamba, ametulia. Siku moja lori lilipasuka tairi barabarani na sote wawili tuliruka, yeye akaniwahi. Akakimbia hatua kadhaa, akasimama, akatega sikio, kisha akarudi kula nyasi. Nyasi! Mimi ningetetemeka mpaka jioni. Nilisimama pale namwangalia anavyotafuna, na hiyo dakika moja nimeifikiria kuliko maneno yote niliyoambiwa ofisini.

Nusu saa ya mwisho ni ya sanaa, mezani pembeni ya banda: karatasi kubwa, chaki za rangi, udongo. Nikaona ni mambo ya watoto. Kwa wiki tatu nilichora masikio tu. Mwanangu alisema ni sungura.

Wiki ya sita tulimpaka rangi farasi mwenyewe, kwa vidole, rangi ya maji isiyo na sumu. Ubavuni mwake nilichora mlango wa nyumba yetu ya Nyarugusu. Niliweka mpaka msumari tuliotundikia taa, na juu ya mlango nikaandika namba ya kadi yetu ya chakula, ambayo sikuwahi kumtajia mtu hapa. Ilinichukua muda wote. Wakamfungua kamba. Akaenda katikati ya uwanja, akapiga magoti, akajitupa, akagaagaa kwenye vumbi upande huu na upande ule, akainuka akajikung'uta. Mlango hakuna, namba hakuna. Nilikasirika kweli. Halafu kicheko kikanitoka, nikashindwa kukizuia. Mshauri hakunieleza maana yake, na hapo ndipo alipoipata nyota yake katika tathmini yangu hii. Angeanza kufasiri, ningechukua koti langu.

Nyota moja nimewanyima kwa sababu ya mkalimani. Waliniahidi mtu, wakaniletea tableti. Ndani ya banda la bati mtandao unakatika, na sauti ya kaka wa mbali ikawa inauliza, "Dada, unahisi nini mwilini?" Nikajibu mgongo unauma, maana kweli ulikuwa unauma, nimeinua maboksi usiku kucha. Tulipoteza robo saa tukizungumzia mgongo. Kuanzia kipindi cha tatu walileta mama wa Kikongo, mambo yakanyooka.

Je, nimepona? Hapana. Nalala kwa muda wa saa tano, zamani zilikuwa saa tatu tu. Nilipomuuliza mshauri kuhusu utafiti, alikiri mwenyewe kwamba tafiti bado ni chache na ndogo, na akanikataza kuacha dawa. Nilimheshimu kwa hilo. Mtu mwenye pumu au anayewaogopa kabisa wanyama wakubwa nisingemshauri aanzie hapa.

Foleni ilikuwa wiki sita. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, maana kwato haina huruma. Ulizeni leseni: Kentucky mtaalamu wa tiba ya sanaa ana leseni yake ya jimbo, si mwalimu wa kuchora tu. Na mkalimani wa ana kwa ana muombeni kabla hamjasaini karatasi yoyote.