Mount St. Helens: upande hadi juu, au ubaki chini na daftari?

Tuseme una siku moja tu kwenye volkano hii ya jimbo la Washington, Marekani.

Kupanda kwa njia ya Monitor Ridge kunakula kutwa nzima. Unaanza msituni, unaingia kwenye mawe makubwa, kisha majivu yanayokurudisha nyuma kila unapokanyaga. Kibali ni lazima. Juu, kwenye mita zipatazo 2,549, unaona kreta, yaani shimo la volkano, iliyofunguka upande wa kaskazini, na hapo ndipo mlipuko wa Mei 18, 1980 unapokuingia akilini: watu 57 walikufa, na mlima ukapungua kimo kwa takriban mita 400. Usikaribie ukingo wenye theluji, maana huenda chini yake ni patupu.

Mimi, hasa kama kuna watoto, nachagua uwanda wa kaskazini uliofunikwa kwa pamisi, mawe mepesi yenye matundu yaliyotoka kwenye volkano. Huko lupini, ua dogo la zambarau, lilitangulia kuota kwenye ardhi iliyokuwa tupu. Mizizi yake, ikisaidiwa na bakteria, hunasa naitrojeni na kurutubisha udongo. Mtoto akiinama, akalipiga picha bila kutoka njiani na kuituma iNaturalist, tovuti ya kuweka picha za mimea na wanyama, pamoja na tarehe na mahali, mtafiti anaweza kuitumia. Hilo linanigusa kuliko kilele: anajifunza huku anachangia.

Mwenye magoti imara na siku mbili, afanye yote, aanze na uwanda.