Bluberi itambaayo Lubumbashi: mche mzuri, udongo wa muuzaji mbaya

Kama unatafuta matunda ya kujaza sahani, usinunue mche huu. Kama una mteremko mbele ya nyumba ambao mvua za Januari zinaumega kila mwaka, na umechoka kung'oa nyasi, endelea kusoma. Kwangu mimi bluberi itambaayo imestahili pesa yake, ingawa aliyeniuzia hakustahili yote niliyomlipa.

Nilichukua miche mitano kwenye kitalu kimoja cha hapa mjini, ambacho huleta mimea ya mapambo kwa lori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mche mmoja dola 18, na juu yake dola 10 za kuniletea mpaka mtaani kwetu Bel-Air na kunipandia. Miche yenyewe ilikuwa mizuri, hilo simnyimi: mizizi imejaa chungu bila kujisokota, majani yanang'aa, na kibandiko cha jina kipo: Vaccinium crassifolium, aina ya Well's Delight. Lakini maneno yake! “Mama, hii itakuzalia mpaka majirani wakuchoke.”

Haizai hivyo, wala si kosa la mmea. Bluberi zile za kwenye vikopo vya plastiki tunazoziona katika maduka makubwa, zinazolimwa Afrika Kusini, Zimbabwe na hata hapo jirani Zambia, hutoka kwenye vichaka vinavyosimama wima. Hii ni ndugu yao. Kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani, kwenye nchi tambarare ya pwani ya Carolina, katika udongo wa kichanga chini ya misonobari. Hulala chini, kimo chake hakizidi sana kifundo cha mguu, lakini matawi yakipewa miaka hufika karibu mita mbili. Majani ni madogo, magumu kidogo, hayapukutiki hata Agosti wakati kila kitu mtaani kina rangi ya vumbi. Chipukizi hutoka na wekundu wa shaba, jambo ambalo wageni wangu wa Katanga hulifurahia bila kuambiwa. Tunda linalika, ni dogo na jeusi, na kwangu yalipatikana ya watoto kuchuma wakipita, basi.

Sasa huduma ya kupanda. Fundi alikuja na gunia la udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi na majivu ya makala. Kwa lengalenga au matembele, huo ni udongo wa dhahabu, kila mama wa bustani hapa anajua. Kwa bluberi ni sumu ya polepole. Vichuguu vyetu vikubwa vina chokaa nyingi kuliko ardhi inayovizunguka, na majivu nayo huua asidi. Mmea huu unataka asidi: pH ya 4.5 mpaka 5.5 (pH ni kipimo cha asidi; namba ikipungua, asidi imezidi). Udongo ukipanda kuelekea 7, madini ya chuma yanabaki ardhini lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Nilimwachia apande mmoja kwa namna yake kwa kuwa alishika sana, minne nikamzuia. Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, ule wake ulikuwa na majani ya manjano yenye mishipa ya kijani, ndiyo alama ya kukosa madini ya chuma, na chipukizi zilitoka fupi kama zinaogopa. Alipoitwa akasema una njaa, uongezewe samadi.

Minne yangu niliipanda kwenye udongo wa porini, wa miombo, pale masuku yanapoota. Udongo ule umeoshwa na mvua miaka na miaka na una asidi yake ya asili. Kijana wa jirani anayesoma kilimo Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) aliupima, ukasoma 5.2. Nikachanganya na mchanga wa mto na maranda ya seremala yaliyokwisha kuoza nusu. Maranda mabichi yaache yakae kwanza, kwa sababu yakioza hunyang'anya mmea naitrojeni. Juu nikatandaza majani makavu ya misonobari. Mizizi ya bluberi ni myembamba, haina vinyweleo, inakaa juujuu na kutegemea kuvu wa ardhini kuilisha, kwa hiyo jembe lisiipitie karibu. Nyasi zing'olewe kwa mkono mpaka matawi yafunike.

Ukikuta udongo wako hauna asidi ya kutosha, dawa yake ni salfa ya unga, ile ya njano inayouzwa kwa ajili ya ukungu wa mimea. Gramu 50 hivi kwa mita ya mraba kwenye udongo wa kichanga, kisha subiri miezi, kwa sababu bakteria ndio wanaoigeuza kuwa asidi na wanahitaji unyevu na joto. Weka mvua zinapoanza. Kuna mtu alinishauri nitafute asidi ya viwanda vya shaba nimimine kidogo, ati mji huu haukosi asidi. Haukosi kweli, lakini ile inachoma mizizi na mikono yako pamoja. Na usidanganyike kwenda kuchota udongo upande ambao moshi wa bomba kubwa la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ulikuwa ukielekea. Una asidi, ndiyo, lakini kiwanda kile cha kuyeyusha shaba kilianza kazi 1911 na kiliacha shaba, zinki na kadimi ardhini. Mmea wa kuliwa hauna kazi pale.

Maji ndiyo shughuli kubwa. Kuanzia Mei mpaka Septemba hakuna mvua, na mizizi ya juujuu haivumilii ukavu. Maji ya kisima chetu cha kuchimbwa kwa mashine huacha ukoko mweupe ndani ya birika, na kinachoshika birika ndicho kinachopandisha pH bustanini. Mimi nina mapipa mawili ya mvua. Yakiisha, natia kijiko cha siki kwenye ndoo ya lita kumi ya maji ya kisima. Si suluhisho kamili ila majani yamebaki kijani. Usipande pia chini ya ukuta wa saruji au uliopakwa chokaa, maana mvua huiteremsha yote kwenye mizizi. Mbolea ni kidogo sana: salfeti ya amonia, nusu ya kiganja mwanzoni mwa mvua, na si majivu wala mbolea yenye chokaa.

Baridi ya Juni na Julai inaifaa. Kwangu maua yalitokea baada ya usiku ule wa kuvaa sweta, vikengele vidogo vyeupe vyenye waridi kidogo. Chavua yake haitoki mpaka ua litikiswe, na waliokuja kulitikisa walikuwa nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa. Mume wangu anataka kuwafukuza, tunabishana.

Miche minne imeshika mteremko, na tawi moja nililolikandamiza chini kwa jiwe limetoa mizizi, kwa hiyo mche mwingine nimeupata bila dola. Ule wa fundi niliuhamisha, nikauosha mizizi. Umechelewa lakini unachipua. Muuzaji nilimrudishia gunia lake, akarudisha zile dola 10 baada ya maneno mengi. Mche ningempa nyota nne kati ya tano, huduma ya kupanda moja. Ukienda kwake, chukua miche Oktoba mwishoni ili ikute mvua, kagua mizizi, na udongo mwambie unao.