Mlonge au mwarobaini, upi wa kunywa?

Ukipita Kariakoo utavikuta meza moja, unga wa mlonge kwenye kikopo na majani ya mwarobaini yamefungwa fungu, na muuzaji atakwambia vyote vinatibu kila kitu hahaha. Mi naona havifanani kabisa. Mlonge majani yake ni mboga, unayapika na nazi kama mchicha, yana chuma, kalisiamu na vitamini A, shida iko kwenye mizizi na magome, hayo mjamzito asiguse. Sasa mwarobaini, bibi yangu alikuwa anachemsha mpaka maji yanageuka rangi tunaogea tukiwa na upele, na kwa kuogea sina ubishi, ila kunywa glasi nzima kila asubuhi eti unasafisha damu hapana, tena mafuta yake mtoto mdogo akinyweshwa anaweza kutapika, kupata degedege, hata kufa. Mjamzito huu auache kabisa. Vyote vinaweza kushusha sukari, kwa hiyo kama unameza dawa za kisukari mwambie daktari kwanza. Na ukiwa na homa jamani kapime malaria, dawa mseto zipo.