Kisumu mpaka Rusinga kwa barabara: uzoefu wangu kama mtu wa Mwanza

Sisi wa Mwanza tunaijua Kisumu kwa taarifa ya habari kuliko kwa macho. Ukisema unakwenda kule kutembea tu, huna mzigo wa kuuza wala mgonjwa wa kumjulia hali, watu wanakuuliza kama umesahau ghasia za Kenya baada ya uchaguzi wa 2007. Mimi nilitaka kuuona mji wa ziwa letu hilihili ambao sikuwahi kuufikia. Msimamo wangu baada ya safari: mji umetulia na unapendeza, lakini ukiwa na siku chache usizimalizie mjini. Utamu wenyewe uko kusini, barabara ya Homa Bay kwenda Mbita na kisiwa cha Rusinga.

Nilipokwenda hapakuwa na meli ya abiria ya moja kwa moja, na hili linaudhi. Enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, kabla haijavunjika 1977, wazee wetu walikuwa wakipanda MV Victoria hapa Mwanza na kushukia Kisumu. Sasa hivi ni basi: Nyamhongolo, Magu, Lamadi, Bunda, daraja la Kirumi, Tarime, hadi Sirari. Beba pasipoti au hati ya dharura ya safari, na usiache nyumbani kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukivuka mpaka kuingia Isebania sajili laini ya simu ya Kenya palepale, maana kule M-Pesa ndiyo pesa. Mwenye matatu, muuza karanga, hata mlangoni kwenye hifadhi, wote wanataka ulipe kwa simu. Kutoka hapo ni matatu za Migori, Kisii, kisha unateremka kwenye joto la Kisumu.

Na ni joto kweli. Mwanza tuna upepo wa ziwa. Kisumu iko ndani kabisa ya ghuba, hewa imesimama.

Boda aliyenizungusha mjini alikuwa kijana mkubwa mkubwa hivi, wa kukumbuka mambo. Tulipofika Kondele akapunguza mwendo bila mimi kumwambia. "Hapa ndipo ilikuwa inawaka," akasema. "Matairi, mawe, gesi ya machozi. Baada ya uchaguzi wa 2007 maduka yalichomwa, na 2017 tena." Leo pale juu kuna barabara ya kupita angani, chini wanauza mahindi ya kuchoma na viatu vya mtumba. Mji umetengenezwa vizuri, hasa kwa ajili ya mkutano wa Africities uliofanyika Mei 2022: njia za waenda kwa miguu pana, taa, bustani. Nilitembea usiku barabara ya Oginga Odinga na sikusumbuliwa na mtu.

Akaniuliza, "Nikupeleke Russia?" Nikacheka, lakini hakuwa anatania. Ndivyo wenyeji wanavyoiita hospitali kubwa ya rufaa iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya wakati ule. Oktoba 25, 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua, umati ukamzomea, walinzi wakafyatua risasi na watu wakauawa. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha Oginga Odinga, kiongozi wa Wajaluo, KPU, kikapigwa marufuku. Nilisimama pale getini kati ya wauza chapati na ndugu wa wagonjwa nikaona bado nina nusu ya habari. Nusu ya pili niliikuta Rusinga.

Vya mjini nivipitie haraka. Makumbusho ya Kisumu nenda kwa ajili ya Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Mwongozaji anakupitisha nyumba ya mke mkubwa, ya wa pili, hadi kibanda cha mtoto wa kiume, na unaelewa nani alikaa wapi na kwa nini. Kit Mikayi, mawe marefu njia ya Bondo, ni mahali patakatifu kwa wengi na panastahili heshima, ila kwa mtu aliyekulia Mwanza, mawe juu ya mawe si habari. Watu wa Nairobi ndio watashangaa.

Dunga nenda ukiwa na njaa. Kuna daraja la mbao linaloingia katikati ya mafunjo, ndege wengi, na mitumbwi inayokupeleka kutazama viboko. Ila kabla hujalipa mtumbwi waulize wavuvi kama gugumaji limesukumwa na upepo upande ule, maana likiziba mlango mnabaki kutazamana. Samaki unachagua mwenyewe akiwa mbichi. Mama mmoja aliinua shavu la ngege, yaani sato, kwa kidole gumba nikaona ndani jekundu bichi, kisha akaniambia, "Wewe ni wa Tanzania."

"Umejuaje, mama?"

"Umenisalimia mpaka nyumbani kwangu, na bei bado hujauliza."

Nilipouliza, ilikuwa juu kuliko sato wa kwetu, lakini alikaangwa akakauka vizuri, na ugali wao ni mgumu kama ninavyoupenda.

Kutoka Kisumu unapita Ahero, kisha unashika njia ya Kendu Bay, ziwa likiwa kuliani kwako, na mbele mlima Homa. Mbita ni mji mdogo wa wavuvi na harufu yake ya omena, yaani dagaa, waliotandazwa kukauka ilinifanya nijione niko Igombe kwetu Mwanza. Kati ya Mbita na Rusinga zamani kulikuwa na tuta lililojengwa miaka ya 1980, likazuia maji kupita. Sasa kuna daraja, maji yanapita chini na mitumbwi pia. Simama katikati ya daraja saa kumi na moja jioni uangalie kushoto na kulia. Mimi nilisimama mpaka boda akanikumbusha.

Kaburi la Tom Mboya, mwanasiasa Mjaluo ambaye kwao ni Rusinga, liko ndani ya kisiwa, kwenye jengo la umbo la risasi, kwa sababu ndiyo iliyomuua, Nairobi, Julai 5, 1969, akiwa waziri mwenye miaka 38. Ndani kuna picha zake na habari za wanafunzi aliowatafutia nafasi Marekani. Mzee aliyetufungulia hakusoma kutoka ukutani. Alisimulia kana kwamba ni msiba wa jana. Mboya aliuawa Julai, risasi za Kisumu zikawa Oktoba mwaka huohuo. Hapo ndipo nilipounganisha: waliomzomea Kenyatta walikuwa bado na uchungu wa kifo cha Mboya. Ninavyoona mimi, ukitaka kuielewa hasira ya Kisumu, anzia kisiwani kisha uende Kondele, siyo kinyume chake.

Kisiwa cha Takawiri kuna ufukwe wa mchanga na minazi, boti zinatokea Mbita. Kuoga ni shauri lako: kichocho kipo na viboko wapo. Kisiwa cha Mfangano, kwenye michoro ya kale ya miambani, sikufika.

Malazi Mbita ni ya kawaida. Nyumba moja ya wageni walinitajia bei kwa dola waliposikia lafudhi yangu, nikaongea Kiswahili kirefu zaidi ikashuka ikawa shilingi. Omba chandarua kizima, kikague kabla ya kulipa.

Kuhusu usalama niseme wazi: utulivu wa Kisumu unafuata kalenda. Uchaguzi wao ujao ni Agosti 2027. Kwa matembezi ya familia, miezi ile ningeiruka.

Na wakati wa kurudi usipande tena mpaka Kisumu. Mbita shika matatu ya Homa Bay, Rongo, Migori, uwe Sirari mapema, maana jioni usafiri wa kuja huku ni wa kubahatisha na wapiga debe wanajua huna pa kwenda.