Warsha ya muda wa saa 3 kabla ya kwenda kwa watumiaji

Tunatengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za vikoba. Kabla ya kuwahoji wanachama, tulimwita mwezeshaji ofisini kwetu Dar es Salaam. Kila mmoja aliandika kimya, peke yake, yale anayodhani anayajua. Kisha tukabandika vikaratasi ukutani: juu yale ambayo tukikosea mradi unakufa, kulia yale tusiyo na ushahidi nayo. Kikaratasi cha "Mweka hazina ana simu janja" kikaishia juu kabisa, kulia kabisa. Miezi 4 tumejenga juu ya hilo! Aliyekiandika ni mhasibu wetu, ambaye vikaoni hasemi kitu. Kugeuza dhana kuwa maswali ya mahojiano kulipewa dakika 20, hazikutosha. Ombeni saa nzima. Mwezeshaji huyo nitamwita tena.