Miaka minne ndani ya Mfuko wa Ukwasi: tathmini ya mtoto wa mlimbikiza matofali

Mfuko wa Ukwasi ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaoendeshwa na UTT AMIS, taasisi ya umma. Ulianzishwa mwaka 2013, na mimi nilijiunga nao mwishoni mwa mwaka 2020, nikiwa mwalimu wa sekondari hapa Morogoro mwenye mshahara wa kawaida na hofu isiyo ya kawaida kuhusu fedha. Nimeutumia kwa miaka minne mfululizo, na ninaona kwamba ni huduma nzuri inayostahili kupendekezwa. Hata hivyo, nisingeweza kuieleza huduma hii kwa haki bila kueleza pia mtu aliyeingia nayo mkataba alikuwa amelelewa vipi, kwa sababu mimi na mwalimu mwenzangu mmoja tulijiunga wiki moja, tukiwa na daraja moja la mshahara, na leo hii yeye hana hata kipande kimoja, yaani hana sehemu yoyote anayoimiliki katika mfuko.

Baba yangu alifanya kazi reli, Tabora, na kila mwezi alipopokea mshahara alinunua matofali ya kuchoma. Yalipangwa nyuma ya nyumba yetu ya kupanga, safu juu ya safu, mpaka yale ya chini yakaota ukungu wa kijani na sisi watoto tukawa tunayapanda kuchungulia kwa jirani. Nilipokuwa mkubwa nilidhani huo ulikuwa ushamba. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba baba alikuwa anapiga hesabu sahihi ya wakati wake. Katikati ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei nchini ulipita asilimia 30 kwa mwaka, na mwaka 1986 shilingi ilishushwa thamani kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo mtu aliyeacha mshahara wake benki alirudi mwaka uliofuata akakuta tarakimu zile zile zikinunua kikapu kidogo zaidi, ilhali tofali lilibaki tofali. Baba hakusoma jambo hilo popote, bali aliliona dukani, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba fedha isiyoshikika ni mali.

Mama naye alikuwa na somo lake. Aliwahi kuingia katika upatu ulioahidi kumrudishia mara mbili ndani ya wiki chache, akavuna mara ya kwanza, akaongeza mtaji wake wote wa vitenge, na mavuno ya pili hayakuja. Sikumbuki kama alilia. Ninachokumbuka ni kwamba kwa miezi kadhaa kabati lake la vitenge lilikuwa tupu na hakutaka lifunguliwe mbele ya wageni. Mimi nilichukua kwa baba imani kwamba fedha huyeyuka, na kwa mama imani kwamba anayekuahidi faida anataka kukuibia.

Matokeo yake nikawa mtu wa kibubu. Nilinunua cha mbao sokoni, kilichopigiliwa misumari pande zote, na jioni nyingine nilitumbukiza noti moja au mbili. Ada ya mtoto wa dada ilipokwama nikakivunja kwa nyundo ya jirani kabla ya wakati, na ndani nikakuta noti za 2,000 zimegandana kwa unyevu wa masika, nyingine zimepata madoa meusi pembeni. Zilikuwa 412,000, sawasawa na nilivyoandika kwenye daftari, wala haikuongezeka hata shilingi moja kwa mwaka mzima na miezi miwili. Nilikaa sakafuni nikizibandua moja moja, na hapo ndipo nilipoanza kuuliza njia nyingine.

Sasa niieleze huduma yenyewe. UTT AMIS ni taasisi ya umma iliyo chini ya Wizara ya Fedha, na mifuko yake husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mfuko wa kwanza ulikuwa Umoja, mwaka 2005, kisha ikafuata Wekeza Maisha, Watoto na Jikimu, halafu Ukwasi, na mwaka 2019 Hati Fungani. Fedha za wanachama hukusanywa pamoja na kuwekezwa, na kila mwanachama humiliki vipande kulingana na alichoweka. Mfuko wa Ukwasi hauendi kwenye hisa, bali huweka katika dhamana na hati fungani za serikali, yaani huikopesha serikali kwa riba, pamoja na amana za muda maalumu katika mabenki. Faida haigawiwi mkononi, huingia katika thamani ya kipande, na bei ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi. Nilipojiunga, kiwango cha chini cha kuanzia kilikuwa shilingi 100,000 na cha kuongeza shilingi 10,000. Hakuna ada ya kuingia wala ya kutoka.

Kwa mtu aliyeachiwa urithi wa hofu na mama yangu, sentensi muhimu kuliko zote hizo ni ile ya bei kutangazwa kila siku. Upatu humlipa wa jana kwa fedha ya aliyeingia leo, na ndiyo maana hauwezi kukuonyesha kitu chochote isipokuwa orodha ya wanaongojea. Mfuko una mali unayoweza kuitaja, una benki ya uangalizi inayoshika mali hiyo mbali na meneja wa mfuko, na una bei ambayo mtu yeyote, hata asiye mwanachama, anaweza kuisoma. Nilielezwa haya yote na ofisa mvumilivu sana, nikayaelewa, na bado sikuamini. Elimu haikutosha, kwa sababu kichwa kilikuwa kimekubali lakini kabati la vitenge lilikuwa bado tupu mbele ya macho yangu.

Nikafanya jaribio. Mwezi wa pili niliomba kutoa 200,000 ambazo sikuwa na haja nazo hata kidogo, nione kama zitarudi. Masharti yanasema malipo hufanyika ndani ya siku 3 za kazi. Niliomba Jumatatu, na Alhamisi asubuhi, nikiwa kwenye kipindi cha kidato cha pili, simu ilitetemeka mfukoni. Fedha ilikuwa imeingia. Niliirudisha mfukoni mwa UTT wiki hiyo hiyo na tangu siku ile nikawa mwekezaji kweli. Ninashauri kila anayesitasita afanye hivyo hivyo mapema, maana hakuna kipeperushi kinachoweza kufanya kazi ya siku hizo tatu.

Baada ya hapo nilipanga shilingi 100,000 itoke kila mwezi mara tu mshahara unapoingia, kabla sijaipangia matumizi mengine. Kwa miezi 48 nimechangia 4,800,000, na thamani ya vipande vyangu nilipoangalia mara ya mwisho ilikuwa imekaribia milioni 6. Katika kipindi hicho wastani wa mfumuko wa bei kwa mwaka haukufika asilimia 5. Hofu ya baba ilikuwa na msingi wakati bei zikipanda kwa theluthi nzima kila mwaka. Mimi ninaishi katika namba nyingine, na ilinichukua nusu ya maisha yangu ya kazi kugundua kwamba nilikuwa nikijikinga na mvua iliyonyesha kabla sijazaliwa.

Kuna mapungufu, na ninayasema kwa kuwa ninaijali huduma hii. Shilingi 100,000 ya kuanzia ni kizingiti kirefu kwa mama ntilie au dereva wa bodaboda anayehesabu fedha yake kwa siku, ingawa kiasi cha nyongeza ni rafiki zaidi. Pili, watu wengi wanaamini kwamba kwa kuwa taasisi ni ya umma, serikali imewadhamini faida. Haikuwadhamini. Faida iliyopita si ahadi ya ijayo, na kwenye mifuko yenye hisa, kama Umoja, bei ya kipande inaweza kushuka. Jambo hilo limeandikwa katika waraka wa mfuko, lakini ningependa lisemwe kwa sauti kubwa zaidi wakati wa kujiunga. Malipo nayo hupitia akaunti yako ya benki, kwa hiyo kasi hiyo ya siku 3 haina maana kama benki yako ni nzito. Mimi nimewahi kungoja wiki nzima kwa sababu benki niliyokuwa nayo ilikwamisha muamala, nikaishia kuihama.

Lingine sijui niliite kasoro au sifa. Urahisi wa kutoa fedha ulionituliza mimi ndio uliomwondoa mwenzangu. Yeye alikulia katika nyumba ya biashara ya mazao, ambako fedha iliyolala ni fedha iliyokufa, na kila alipoona salio lake aliona gunia la mahindi ambalo lingekuwa Dar es Salaam wiki ijayo. Alitoa mara nne ndani ya miezi tisa, kisha akamaliza. Simlaumu, na simhesabu kuwa mjinga, kwani mahindi yake mengine yamemlipa kuliko vipande vyangu vilivyonilipa mimi. Lakini mtu wa aina yake angefaa kuanza na mfuko ambao masharti yake yanamfanya akae, au kutenga kwa Ukwasi ile tu fedha ya dharura, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi inayoufaa mfuko huu kuliko zote. Maofisa wangeuliza swali moja zaidi kabla ya kumjazia mtu fomu: mara ya mwisho ulipokuwa na fedha ya ziada, uliifanyia nini?

Ninampendekezea mfuko huu mwenye mshahara, mwenye kibubu, na aliyewahi kuumwa na upatu. Kwa malengo ya zaidi ya miaka 10 ningemwambia aangalie pia mifuko mingine.

Mwaka huu nilimweleza baba. Aliniuliza, "Mwanangu, hivyo vipande viko wapi, nivione?" Nikamjibu kwamba vimo katika kumbukumbu zao, na kwenye simu yangu. Aliitazama simu kwa heshima, akanirudishia. Likizo iliyofuata nilimpelekea taarifa ya uwekezaji iliyochapishwa, yenye jina langu, idadi ya vipande na bei ya siku ile. Alivaa miwani, akaisoma kuanzia juu hadi chini, akaikunja mara mbili, akaiweka katika mkoba anamohifadhi hati ya kiwanja.