Sanduku la marehemu baba, elfu 25 yangu, na draikilina iliyolirudisha linanuka mara mbili

"Nani kaja na maiti humu?"

Hayo ndo maneno niliyopokelewa nayo. Aliyeyasema ni dada wa mapokezi, kajiziba pua na kitabu cha risiti, anawapigia kelele wenzake huko nyuma, mimi nimesimama mbele yake na kuna wateja wawili pembeni wanacheka. Maiti yenyewe ni sanduku la marehemu baba yangu.

Jina la hiyo draikilina silitaji, iko huku Sinza, anayeijua kaijua. Na niseme mapema kabla watu hawajanirukia, nguo wanafua vizuri. Mashuka, suti za mume wangu, hata lile gauni langu jeupe lililomwagikiwa pilau walilitoa safi kabisa. Ndo maana nilikwenda kwao kwa kujiamini, sikubahatisha.

Kisa chenyewe, mdogo wangu anaoa. Mama kaapa kwamba vitu vya bibi harusi, kanga, vitenge, viatu, manukato, vyote vinatiwa kwenye sanduku la baba na si hayo mabegi ya magurudumu ya Kariakoo. Ni lile sanduku la kizamani, kadibodi ngumu, kona za bati, komeo mbili zinafyatuka paa! ukizibonyeza. Baba alikuwa reli ya TAZARA, sanduku hilo limekwenda Kapiri Mposhi kule Zambia na kurudi, kilomita 1,860 kwenda tu, mara sijui ngapi, na halijawahi kutukanwa na mtu. Alipostaafu likasukumwa uvunguni Tanga, na Tanga mnaijua, masika ikianza hata chumvi mezani inalia machozi. Basi limekaa humo miaka na miaka linanyonya unyevu tu. Mama alipolileta Dar kwa basi nikalifungua sebuleni, watoto wakatoka nje wote. Uvundo jamani. Kama daftari zilizoloa zikafungiwa ndani ya gunia.

Kwa hiyo sikatai kwamba lilikuwa linanuka. Lilikuwa linanuka sana. Lakini ndo nimelileta kwako mama, unayeandika mlangoni kwamba mnatoa kila aina ya harufu!

Tukaelewana elfu 25, nikalipa yote papo hapo. Akaniambia, "Anti, kwa pesa hiyo si ungeongeza kidogo ukanunua jipya?" Nikameza mate, nikamwambia naomba risiti.

Walisema siku mbili, ikawa wiki na ushee. Siku naenda kulichukua, sitasema uongo, nilifurahi mpaka nikamsamehe yule dada. Linang'aa, linanukia maua, nikaweka pua ndani kabisa, maua matupu. Nikampa na buku mbili ya soda! Hiyo buku mbili inaniuma kuliko elfu 25.

Nikalifunga vizuri, nikaliweka juu ya kabati. Siku ya tatu nafungua nipange kanga, yaani ule uvundo uko pale pale, na juu yake manukato yameshachacha, choo cha stendi kilichopuliziwa spreyi. Nikapitisha mkono kwenye kitambaa cha ndani, kibichi! Yaani walilimwagia maji na sabuni, wakalipulizia marashi, wakalifunga na ubichi wake. Koga linataka nini tena zaidi ya giza na unyevu? Wamelitandikia kitanda.

Nikarudi nalo siku hiyo hiyo, jasho linanitoka. Dada yule yule. Hakulifungua hata. Akageuza risiti akanionyesha maandishi madogo kwamba vitu chakavu mteja anapokea kwa hiari yake. Nikamuuliza, chakavu kiko wapi hapo? Akasema, "Anti, vya wafu wanazikwa navyo." Wallahi niliishiwa maneno. Mimi! Anayenijua anajua.

Natoka pale machozi yananilenga, nikamsikia mtu nyuma ananiita dada, dada. Ni kijana wa pasi, bado kashika kitambaa cha kunyunyizia maji. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, usisugue tena juu. Ng'oa hicho kitambaa cha ndani, gundi na kadibodi ndo vinanuka. Sisi hapa hatung'oi, tunapulizia." Akakimbia kurudi ndani.

Nikafanya hivyo. Nilijifunga kanga puani, nikakaa uani, nikachana kitambaa kwa wembe taratibu kuanzia kwenye kona. Chini yake nilichokuta, astaghfirullah. Madoa meusi yamesambaa kama mtu kamwaga wino, gundi imekuwa unga wa kahawia, na mayai ya mende yamejipanga kwenye pindo kama shanga. Nikabandua yote nikatupa, nikapangusa vumbi, nikafuta kadibodi kwa kitambaa nilichochovya kwenye siki nyeupe na kukikamua mpaka kinakaribia kukauka, maana kadibodi ukiiloweka umeiua. Kisha jua. Siku tatu, limefunguliwa wazi, nageuza asubuhi upande huu na mchana upande ule, jioni naliingiza ndani kabla umande haujashuka. Harufu ya siki inaondoka yenyewe, msiogope. Halafu nikajaza mkaa mkavu kwenye soksi mbili za mume wangu, nikazifunga, nikaziweka ndani na sanduku nikalifunga kwa siku kama nne hivi.

Mama alitaka tulifukize udi tangu siku ya kwanza. Nikamkatalia, udi juu ya koga ni yale yale ya marashi. Lilipokauka sasa ndo nikamruhusu, akaleta chetezo chake, akalifukiza kama anafukiza bibi harusi mwenyewe. Nikashona kitambaa kipya cha ndani, khanga ya buluu, nikakibandika kwa gundi kidogo tu pembeni ili siku nyingine kitoke.

Siku ya kupeleka vitu, shangazi yake bibi harusi akafyatua komeo, paa! paa!, akainamisha kichwa mpaka ndani. Mimi nimebana pumzi. Akainuka akauliza, "Udi wa wapi huu?" Mama akapiga kigelegele cha mwezi mzima.

Sasa nyota. Nilitaka kuwapa tatu, kwa haki, kwa sababu ya nguo. Nikakumbuka wiki na ushee, nikashusha hadi mbili. Hapa nilipofika nakumbuka "vya wafu wanazikwa navyo", basi moja, na hiyo moja ni ya kijana wa pasi, wengine wasiiguse. Pesa yangu hawajarudisha na najua hawatarudisha.

Suti ya mume wangu bado iko kwao. Jumamosi naenda kuichukua.